Mbio za Namba Saba

Mimi si kocha. Sijawahi kusomea ukocha, na mpira nilioucheza mwenyewe uliishia kwenye chandimu na timu ya idara, ambako nilipangwa beki wa kushoto kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyekubali kukaa pale. Lakini kwa zaidi ya miaka 40 nimekaa majukwaani na pembezoni mwa viwanja vya mji huu wa Tabora, na kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa stesheni, pale ambapo reli itokayo Dar es Salaam inagawanyika, moja ikishika njia ya Kigoma na nyingine ya Mwanza. Basi vijana wengi wa mpira waliotoka kanda hii kwenda pwani nimewaona wakipanda behewa na mfuko mmoja wa rambo, na wengi wao nimewaona pia wakishuka. Nitakayoyasema hapa juu ya namna klabu zetu zinavyochagua mawinga chipukizi ni maneno ya mtazamaji, na msomaji ayapime hivyo.

Kwa nini mawinga, na si makipa au viungo? Kwa sababu winga ndiye anayemdanganya mchaguaji kuliko mchezaji mwingine yeyote. Kipa mbovu atafungwa mbele ya macho yako. Beki mbovu atapitwa, na utamwona akiokota kofia ya mwenzake badala ya mpira. Kiungo mbovu utamtambua baada ya dakika 20 kwa kuwa timu nzima itakuwa imevurugika. Lakini winga anaweza kushindwa mchana kutwa, kisha dakika ya 70 akaupata mpira karibu na mstari, akamwacha beki hatua tano, uwanja ukalipuka, na mtu aliyetumwa kutoka Dar es Salaam akafungua daftari lake na kuandika jina. Kwamba jalo lenyewe lilikwenda kuangukia nyuma ya goli, kwenye mihogo ya watu, hilo haliandikwi.

Nimewahi kuhudhuria majaribio ya aina hiyo mara nyingi. Vijana 60 au 70 wanapangwa kwenye mstari wa goli, wanaambiwa wakimbie hadi goli la pili, na wale 15 wa kwanza wanaambiwa wakae upande wenye kivuli. Waliobaki wanashukuriwa. Ndipo mpira unatolewa kwenye gari. Nataka msomaji alitazame jambo hili vizuri: watu wamesafiri siku nzima kuja kutafuta wacheza mpira, na wamewafukuza robo tatu yao kabla mpira haujagusa ardhi.

Na ardhi yenyewe ni ya Tabora. Mwezi wa Machi, mvua zikiwa bado hazijakatika, viwanja vyetu vya mitaani vina vidimbwi na nyasi za magotini. Mwezi wa Julai ni mchanga na vumbi, na mpira unadunda kama mbuzi aliyefunguliwa. Kijana anayeweza kuupokea mpira wa namna hiyo kwa mguu mmoja, akauweka mbele yake na kuinua kichwa, ana kitu ambacho saa ya mkononi haiwezi kukipima. Katika mechi winga hakimbii mita 100 zilizonyooka. Anakimbia mita 10, anasimama, anageuka, anakimbia mita nane. Kipimo chake ni anachokifanya kabla ya mbio na baada ya mbio.

Mpwa wangu anayeishi Marekani aliniambia kuwa hata wenzetu wenye fedha nyingi hawajapona ugonjwa huu. Kule wana mchezo wao wa mpira wa kubeba mikononi, na kila mwaka klabu huchagua vijana kutoka vyuoni kwa zamu, klabu iliyofanya vibaya zaidi ikitangulia. Wako wachezaji wa pembeni ambao kazi yao ni kukimbia na kudaka pasi ndefu, kwa maana hiyo ni ndugu wa mawinga wetu. Kabla ya kuchaguliwa hupimwa mbio za yadi 40. Mwaka 2017 kijana aitwaye John Ross alivunja rekodi ya mbio hizo kwa sekunde 4.22, akachaguliwa wa tisa katika nchi nzima, na miaka yake ya kucheza ikapita bila kishindo. Jerry Rice, ambaye wengi wanamhesabu kuwa bora kuliko wote waliowahi kucheza nafasi hiyo, alitoka chuo kidogo, akasemwa kuwa si mwepesi wa kutosha, na mwaka 1985 akachaguliwa wa 16. Niliposikia habari hiyo nilicheka, kisha nikanyamaza, maana nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe nimewahi kufanya kosa hilohilo, tena bila saa ya mkononi.

Ilikuwa mwaka 2009. Klabu moja, ambayo sitaitaja, ilimtuma mtu wake huku, na kwa kuwa nilijulikana kama mzee wa mpira pale stesheni, aliniuliza kama nina winga. Nilikuwa nao wawili. Wa kwanza alikuwa kijana wa Isevya, mwembamba, mwenye mguu wa kushoto, mwenye tabia ya kupokea mpira na kuurudisha kwa beki wake kama hakuona njia. Watazamaji walikuwa wakimguna. Wa pili alikuwa kijana wa Ng'ambo, jirani yangu, umri wa miaka 17, kidato cha nne. Huyu alikuwa upepo. Katika mechi moja ya mashindano ya shule nilimwona akimpita beki, akampita tena kwa makusudi, na mwamuzi mwenyewe akashindwa kuficha meno.

Wakati huo nilikuwa na kaunta buku ambamo niliandika mambo ya mechi. Ninayo hata leo. Ukurasa wa mechi hiyo unasema kwamba kijana wa Ng'ambo alimimina majalo 11, na mawili tu yakamfikia mwenzake. Kijana wa Isevya alimimina manne, matatu yakafika, na moja likawa bao. Niliyaandika hayo kwa mkono wangu mwenyewe. Kisha yule mgeni aliponiuliza nani aondoke naye, nikamtaja kijana wa Ng'ambo. Kwa nini? Kwa sababu nilitaka mgeni afurahi. Nilitaka aseme, "Huyu mzee anajua kuchagua." Mbio huonekana hata na asiyejua mpira, na mimi nilikuwa nikichagua kwa ajili ya macho ya mwingine.

Mama yake alikuja kwangu jioni. Alitaka kujua habari ya mtihani, maana ilikuwa Agosti na mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia. Nikamwambia kwamba klabu imeahidi atasajiliwa kufanya mtihani hukohuko Dar es Salaam. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, lakini sikuomba karatasi, wala sikuuliza shule gani. Kijana akapanda treni siku ya pili yake. Nilimpa blanketi la kujifunika, kwa kuwa nyakati za usiku behewa la daraja la tatu huingiza baridi.

Alicheza mechi mbili za kirafiki. Ya tatu aliingizwa kipindi cha pili, kwenye uwanja mkavu, dhidi ya beki mtu mzima, na goti likageuka. Walimkanda kwa barafu na mafuta ya moto kwa zamu, vitu ambavyo hata mimi najua havikai pamoja. Hakupelekwa kupigwa picha. Mwezi wa Desemba nikiwa zamu ya asubuhi nilimwona akishuka ngazi za behewa kwa mguu mmoja kwanza, kisha wa pili, kama mzee. Mtihani hakuufanya. Mama yake hakunifokea. Alinisalimu vizuri, tukaulizana habari za nyumbani, halafu akasema, "Kaka, mliondoka na mtoto, mmeniletea mguu." Mpaka leo sijapata jibu la kumpa, ingawa tunasalimiana kila siku.

Nimeieleza habari hiyo ili msomaji asidhani kwamba ninawashambulia wachaguaji nikiwa nimekaa mahali safi. Kosa la kwanza ni kupenda mbio. Kosa la pili ni kubwa zaidi: ni kumchukua kijana na kumtwisha mzigo wa mtu mzima wiki ileile.

Hapa kwetu tulipaswa kulijua jambo hili kuliko watu wengine. Mji huu ulikua kwa njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita hapa, zamani pakiitwa Kazeh, na kuendelea hadi Ujiji. Miembe mikubwa unayoiona kwenye njia ile ni masalio ya nyakati hizo. Wanyamwezi walikuwa wapagazi wenye sifa, mzigo wa mtu ulikaribia frasila mbili, na kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabika kuwa amekomaa. Lakini hakuna aliyeamka siku moja akabebeshwa frasila mbili. Wasafiri wa Kizungu waliopita hapa karne ya 19 waliandika kwamba waliwaona watoto wakitembea msafarani na jamaa zao, kila mmoja na kijipembe kidogo cha ndovu begani, cha kujizoezea. Biashara ile ilikuwa na ukatili wake, sitaki kuipamba. Ila mzee aliyetembea na mwanawe hadi pwani alijua mzigo huongezwa kwa kiasi gani, na kwa nini.

Sasa mlinganishe na kijana wa miaka 17 anayesajiliwa Julai, Agosti anavalishwa jezi mbele ya watu maelfu, Septemba anazomewa, na Januari dirisha dogo likifunguka anaambiwa atafute timu. Na sisi mashabiki tumo. Nimewahi kuwa miongoni mwa waliomsema Simon Msuva. Alipofika Yanga mwaka 2012 akitokea Moro United, alikuwa na mbio na alikuwa akikosa mabao yaliyo wazi, na tuliokuwa tukisikiliza redioni hatukumpa nafasi ya kupumua. Nilisema mbele ya watu kwamba huyu ni mkimbiaji, apelekwe riadha. Msimu wa 2014/15 akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 17. Msimu wa 2016/17 akawa tena kileleni kwa mabao 14, sawa na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting. Mwaka 2017 akaenda Morocco, Difaa El Jadida, na baadaye Wydad. Hakuna aliyebadili miguu yake katika miaka ile. Kilichobadilika ni kwamba alipangwa, akakosea, akapangwa tena. Laiti Yanga wangetusikiliza sisi tuliokaa karibu na redio, Morocco isingemwona.

Mrisho Ngassa naye, kabla ya jezi ya Yanga, alikuwa Kagera Sugar, mbali na kelele za Kariakoo, akicheza wiki baada ya wiki. Baba yake, Khalfan Ngassa, alikuwa mchezaji pia, na nadhani lipo jambo hapo la kutembea msafarani na jamaa. Edibily Lunyamila, aliyetusumbua sana sisi tuliokuwa na mabeki wa pembeni wazito miaka ya 1990, alitokea Biashara ya Shinyanga kabla hajaitwa pwani. Timu za mikoani ndizo zilizokuwa kijipembe cha begani. Mchezaji alikosea mbele ya watu 2,000 kabla hajakosea mbele ya 50,000.

Lakini hata mkoani siku hizi hapana subira. Timu ya jeshi ya Rhino Rangers ilitupandisha Ligi Kuu msimu wa 2013/14, tukashuka msimu uleule. Miaka tisa tukakaa bila timu. Mwaka 2023 tukapata Tabora United, na hiyo nayo ilikuwa imepanda kwa jina la Kitayosce, timu ya Moshi, ikahamia huku na kubadilishwa jina. Mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu, Agosti 2023, dhidi ya Azam kule Chamazi, iliingia uwanjani na wachezaji wanane kwa sababu ya matatizo ya usajili, na mchezo ukavunjika mapema baada ya wengine kuumia na idadi kupungua kuliko kanuni inavyoruhusu. Azam walikuwa wameshafunga mabao manne. Tuliaibika hadharani. Hata hivyo siku ile nilijiuliza swali moja ambalo halijanitoka: timu ya mji wenye shule kongwe kiasi hiki, wenye vijana wanaocheza kila jioni kuanzia Kiloleni hadi Ipuli, inakosaje watoto watatu wa kuwasimamisha uwanjani? Kanuni za usajili nazijua. Swali langu ni kwamba hapakuwa na watoto walioandaliwa na kusajiliwa mapema kwa kadi zao, wakisubiri siku kama hiyo.

Furaha nayo tumeipata, sitaki kuwa mchoyo. Tarehe 7 Novemba 2024 Tabora United iliifunga Yanga mabao 3-1 Chamazi, na Offen Chikola akafunga mawili. Nilikuwa kibandani, nikakumbatiwa na mtu ambaye hata simjui jina. Tazama bao lake la kwanza na la pili kama unaweza kulipata mahali: kinachomtofautisha ni alipokuwa amesimama kabla mpira haujafika. Haikupita wiki mbili kocha wa Yanga akawa ameondolewa, na mwaka 2025 Yanga wakamsajili Chikola mwenyewe. Mwaka huohuo timu yetu nayo ikabadilishwa jina, ikawa TRA United. Hivyo winga amekwenda, jina limekwenda, na sisi tumebaki na uwanja.

Kuna jambo la umri ambalo siwezi kuliruka. Mwaka 2005 Serengeti Boys walikuwa wamefuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 wakaenguliwa kwa sababu ya umri. Tangu mwaka 2009 FIFA hutumia picha za kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana hao, na udanganyifu wa wazi umebanwa. Ila upo udanganyifu usio wa karatasi. Vijana wawili wa miaka 15 ya kweli, mmoja amebalehe mapema, ana mapaja na kifua. Mwingine bado mtoto. Wa kwanza atamwacha wa pili kila siku ya Mungu. Mchaguaji atadhani ameona kipaji, kumbe ameona ndevu. Miaka mitatu baadaye yule mdogo amemfikia kwa mwili, na kwa kuwa alilazimika kutumia akili muda wote ule, sasa anavyo vyote viwili. Lakini hayupo tena uwanjani, alikwishashukuriwa pale mstarini. Mawinga ndio wanaoumizwa zaidi na jambo hili, maana nafasi yao ndiyo inayochaguliwa kwa mwendo. Mwaka 2022 UMISSETA ilipoletwa hapa Tabora nilikaa nikitazama mabasi ya mikoa yakishusha watoto, na ningeweza kutabiri nani atapangwa pembeni kwa kutazama ukubwa wa viatu tu.

Utaniuliza, basi wewe ungemchagua nani? Ningemtazama kijana mara tano, si mara moja, na mbili kati ya hizo ziwe siku ambazo timu yake inafungwa. Ningetazama anafanya nini beki wake anapopitwa, maana winga asiyerudi nyuma ana mwenye kumlipia deni kila mechi. Ningetazama kama anainua kichwa kabla ya jalo au anafumba macho na kupiga. Ningemuuliza mwalimu wake wa darasa, si wa michezo. Mbio ningezitazama mwisho. Najua klabu itasema haina fedha za kumlaza mtu gesti Tabora mara tano. Gharama ya kumsajili asiyefaa, kumlipa msimu mzima akiwa benchi na kisha kumtafuta mwingine, sijawahi kuisikia ikilalamikiwa.

Kijana wa Isevya, ambaye sikumtaja, alicheza ndondo miaka kadhaa, kisha akaenda kwenye tumbaku Urambo. Nilimwona mwaka juzi kwenye bonanza la maveterani. Amenenepa kidogo. Mpira wa kwanza aliopata aliurudisha kwa beki wake, na watu wakamguna kama zamani.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kiwanja cha jirani, bwana mmoja mwenye kofia ya michezo akaja akakaa karibu nami, akanisalimu kwa heshima, akaanza kunisifia kwamba amesikia mimi ni mzee wa mpira. Alikuwa akimtazama kijana mmoja wa pembeni kulia, mwepesi, chenga mbili tatu, umati ukishangilia. Akaniuliza ninamwonaje. Mchezo ulipokwisha nilimwita yule kijana.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unasoma kidato cha ngapi?"

"Cha tatu."

Nikamwambia yule bwana arudi mwaka kesho, Desemba, mtihani ukiwa umekwisha, na aje na karatasi. Alicheka, akasema mwaka kesho Desemba watu wa Mwanza watakuwa wameshamchukua. Huenda kweli. Nilimwomba kijana anionyeshe nyumbani kwao, tukaenda wote kwa miguu, na nikamkuta mama yake anaanika mpunga.